Kankindi na Nyota Iliyoyumba

Kankindi alikuwa mwaka wa pili wa fizikia mjini Bujumbura pale vurugu za 2015 zilipomtoa chuoni. Alifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akiwa na mimba ya miezi saba na cheti kimoja tu, cha sekondari. Miaka mitatu alikaanga mandasi, maandazi ya Malawi, na kuyauza karibu na soko la kambi. Kisha sekondari ya kambini ikakosa mwalimu wa hesabu na fizikia, naye akaomba ajaribiwe kwa wiki moja. Hajatoka darasani mpaka leo.

Mwaka jana mkuu wa shule alimpa barua. Walimu wa sayansi walialikwa Likuni, pale Lilongwe, wajifunze kwa siku tano jinsi sayari za mbali zinavyotafutwa. Alimsomea mumewe Épitace, anayebeba abiria kwa kabaza, baiskeli yake ya kazi.

"Sayari za huku hazitoshe?" Épitace aliuliza.

"Mi nataka kujua namna bantu banazipata na hazionekane."

"Basi wende. Batoto mi nitabaki nabo."

Akapata ruhusa ya kutoka kambini, akapanda minibasi na daftari lake, miguuni viatu alivyoazimwa na jirani yake Béatrice.

Walikuwa walimu ishirini na wawili, Wamalawi wote isipokuwa yeye. Mkufunzi, Daktari Mtonga, alieleza kwa Kiingereza cha taratibu. Sayari ya mbali, alisema, humezwa na mng'aro wa nyota yake. Lakini nayo huivuta nyota kidogo, na nyota huyumba, mara ikitusogelea, mara ikituacha. Hapo ndipo inapohitajika spektrografu, kifaa kinachofungwa kwenye darubini kubwa na kuutawanya mwanga wa nyota uwe rangi zake. Ndani ya rangi hizo mna maelfu ya mistari myembamba myeusi. Nyota ikiyumba, mistari husogea kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ndiyo maana kifaa hufungiwa ndani ya pipa lisilo na hewa, joto lake lisibadilike hata kwa sehemu ya mia ya digrii. Vilivyo bora hutambua nyota inayokwenda polepole kuliko mtu anayetembea.

Kankindi aliandika mpaka vidole vikamuuma.

Siku ya tatu waligawiwa vipimo halisi vya nyota moja, wachore grafu wawili wawili. Mwenzake alikuwa Amanda, mwalimu kijana wa Area 18, mtaa wa Lilongwe. Mstari wao ulipanda na kushuka mara moja kwa mwaka, na kasi ikafika karibu kilomita thelathini kwa sekunde. Wote ukumbini walipata hivyo hivyo.

"Lazima ni sayari kubwa mno," mmoja alisema, na Mtonga akageukia ubao kuandika.

Kankindi aliitazama grafu. Mwaka mmoja kamili. Kilomita thelathini. Namba hiyo aliifundisha kila muhula: ndiyo kasi ya dunia inapolizunguka jua. Yeye mkimbizi, hana hata digrii. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Daktari. Nadhani inayokwenda hapo si nyota. Ni sisi."

Mtu wa nyuma alicheka. Mtonga hakucheka. Aliweka kalamu chini, akafungua kompyuta yake, akapitia vipimo vile.

"Mama huyu amesema kweli," alisema. "Mwendo wa dunia ulipaswa kuondolewa kabla sijawapa faili hili. Nimelipita bila kuliangalia. Nitawaletea jingine."

"Tuachie hili hili," Kankindi alisema. "Tutauondoa wenyewe."

Mtonga akawapa jedwali la mwendo wa dunia kwa saa ya kila kipimo. Vipimo vilikuwa arobaini na sita. Mara ya kwanza Amanda alijumlisha badala ya kutoa, wimbi likawa maradufu, wakacheka wote wawili na kuanza upya. Alasiri, kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa kiyumbo kidogo, mita hamsini na kitu kwa sekunde, kinachojirudia kila siku nne.

Sayari ile ilikuwa imekwisha kugunduliwa na wengine zamani, na Kankindi alilijua hilo. Hata hivyo alipitisha kidole juu ya wimbi lile, na machozi yakamlengalenga. Walimu walikuja kuinama mezani pake, akawaonyesha hatua kwa hatua, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kirundi, wala hakuona haya. Yule aliyecheka akamshukuru kwa Kichewa, "Zikomo, madam," akaomba anakili.

Mwezi wa tano ilifika barua nyingine shuleni. Mtonga alimwomba Kankindi awe mkufunzi mwenzake kwa kundi litakalofuata. Mkuu wa shule aliisoma mbele ya wanafunzi wote, na jina la mwalimu wao likatamkwa kamili, pamoja na neno Dzaleka.

Épitace naye hakukaa na habari hiyo. Wiki nzima hakuna abiria aliyeteremka kwenye kabaza yake bila kuambiwa: "Bibi yangu njo anafundishaka badaktari kule Likuni."

Kankindi alimwambia ni walimu, si madaktari. Épitace hakubadilisha.