Pumzi Kabla ya Wimbo

Marehemu mume wangu alipenda sidii za kiongozi mmoja wa okestra wa Ulaya: simfoni ndefu, na nyimbo za mwanamke anayeimba Kijerumani. Nyumbani kwetu Maskati hapakuwa na aliyefahamu hata neno. Kila mara kabla ya mwanamke kuanza, mume wangu alinyanyua kidole.

"Sikiliza. Kiongozi anavuta pumzi."

"Mie nnasikia kiyoyozi tu," nilimjibu.

Alipofariki nikakaa eda, na muziki haukupigwa tena. Binti yangu akataka kuzigawa zile sidii.

"Mama, nani atazisikiliza? Wewe huzipendi."

Ni kweli, sizipendi. Lakini nilitaka kwanza kujua baba yake alikuwa akisikia nini.

"Ngoja nitoke eda, mwanangu."

Nilipotoka, joto lilikuwa kali. Nikaweka sidii moja, nikazima kiyoyozi, nikakaa kwenye kiti cha marehemu. Fidla zikapungua mpaka karibu zinyamaze. Hapo nikaisikia pumzi ya mwanamume, fupi, kama ya mtu anayetaka kusema jambo. Kisha mwanamke akaanza kuimba.

Binti yangu akaja na sanduku, akanikuta nimelowa jasho.

"Mama, umeme umekatika?"

"Haukukatika. Sanduku lako rudi nalo."