Kikwembe cha Dada Yangu

Katika ukoo wetu mtoto wa kike haondoki nyumbani kwa sababu ng'ombe wamefika, wala kwa sababu mchungaji amesema amina. Anaondoka pale mama yake anapofunga kikwembe. Upande wa mume wanaleta kitenge kipya, mama wa bwana harusi anamtandikia mama wa bibi harusi begani, naye anakishusha, anakizungusha kiunoni, anapiga fundo mbele ya watu wote, halafu anasema, mtoto ni wenu. Hapo ndipo watu wanakula. Nilishawahi kuona mama mmoja pale Kimanga, mtaani kwetu Uvira, akikataa kufunga kwa sababu kitambaa kilikuwa chepesi kama chandarua. Wageni walikaa wakitazama masufuria mpaka wakwe waliporudi sokoni kutafuta kingine.

Dada yangu alikisubiri kikwembe chake tangu binti yake yuko shule ya msingi. Alikuwa mjane, na huyo ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Kazi yake ilikuwa kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ufukweni na kuwauza, na pale penye nyavu zake alikuwa akiwaambia wateja, huku akichota samaki, kwamba mkwe wake atamletea kitenge cha kweli, kizito, cha buluu, na si yale matambara yanayochuja rangi yakioshwa mara moja. Alikuwa akichota kwa mkono wa kushoto. Kila kitu alikifanya kwa kushoto, kukatakata muhogo, kusalimia, hata vikwembe vyake fundo lilikaa upande wa kushoto, na akina mama wengine walimcheka kwamba amevaa kinyume. Wateja wa heshima walinung'unika kupewa samaki kwa mkono huo. Yeye aliwajibu kwamba ndagala hawajui mkono.

Kisha mchumba akapatikana, mwalimu wa shule kutoka Lemera milimani, kijana mpole kupita kiasi. Mimi nilisema hivyo wazi, kwamba mwanamume asiyejua kukasirika atamfanya mkewe akasirike kwa niaba ya wawili. Dada alicheka akaniambia nikaolewe mimi na huyo mkali. Mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa asubuhi ile risasi zilipoanza kusikika upande wa uwanda wa Ruzizi. Asubuhi hiyo dada alikuwa amekwenda kuuza samaki karibu na mpaka. Watu wakakimbia, na aliyekuwa karibu na Burundi alikimbilia Burundi. Binti yake alikuwa kwangu Kimanga, akisuka nywele.

Alipiga simu mara moja tu, kwa simu ya kuazima.

"Niko muzima," aliniambia. "Niko huku ng'ambo na batu bengi. Harusi iendelee tu, musiningojee. Lakini kikwembe yangu muniwekee."

Nilimuuliza kama anakula. Alikohoa, akasema tena, "Muniwekee," na simu ikakatika. Baadaye tulipoipigia ile namba, alipokea mtu mwingine ambaye hakujua tunamzungumzia nani. Mwishowe ikawa haipatikani kabisa. Mpaka ulikuwa umefungwa. Kutoka Uvira, mbingu ikiwa safi, Bujumbura inaonekana upande wa pili wa ziwa, nyumba na vilima vyake, na nilikuwa nikikaa nikitazama kule kwa hasira. Si kwa huzuni kwanza. Nilikasirika kwamba kitu kinaonekana hivyo na hakifikiki.

Tulingoja. Mvua zilianza, zikakolea, na familia ya mwalimu ikatuma ujumbe kwamba shule yake kule Lemera imefunguliwa tena, anapanda, na hawezi kuendelea kumwacha mchumba huku chini katika hali hii. Walikuwa na haki. Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa binti na ndiye aliyebeba shughuli yote kwa kuwa baba mtu alikufa zamani, akasema harusi ifanyike, ndogo, bila muziki, na dada mwenyewe alikuwa amesema iendelee.

Binti alikubali kwa sharti moja. Alitaka iwe ufukweni, pale pale mama yake alipokuwa akianika ndagala.

"Kama mama hawezi kuvuka," alisema, "basi anitazame."

Nilitaka kumwambia kwamba kutoka ng'ambo ile mtu hawezi kumwona hata tembo, sembuse bibi harusi. Nilifunga mdomo wangu, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Basi tulikutana pale mchana, watu wa nyumbani tu. Ziwa lilikuwa limepanda miaka hii na kula safu ya kwanza ya nyumba, kuta zilibaki zimesimama majini hadi madirishani, na watu wa Uvira hawazitazami tena. Tulifagia mchanga, tukaweka viti vya plastiki tulivyoazima. Harufu ya samaki haikutoka, nami sikutaka itoke. Kulikuwa na samaki wa mukeke wa kuchoma, sombe ya majani ya muhogo na bugali. Mama wa mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba wa milimani ambaye hakuwahi kukaa karibu na maji mengi namna ile. Aligeuza kiti chake akayapa maji mgongo. Alikuwa amepakata kitenge mapajani, kimekunjwa vizuri, na nilipokiona roho yangu ilikatika. Kilikuwa kizito. Kilikuwa cha buluu.

Mchungaji hakuchelewesha. Walikula viapo, wakavishana pete, upepo wa ziwa ukamvuta bibi harusi shela mpaka akalishikilia kwa meno. Tulicheka sote, hata yeye. Kisha kaka yangu akasimama. Kaka akishika maneno hata mbuzi husinzia, lakini siku ile alisema machache.

"Sasa ni kikwembe ya mama," alisema, akanigeukia. "Weye ni mama yake mudogo. Simama, ufunge. Bageni bako na njala."

Nilisimama. Nilijua tangu asubuhi kwamba wakati huu utafika, na nilijua kwamba kwa desturi kaka hakukosea. Mama akiwa hayupo, mdogo wake ndiye anayefunga. Lakini kila mmoja pale alijua pia kwamba katika ukoo wetu "hayupo" maana yake ni moja. Kikwembe cha harusi cha mwanamke aliye hai hakivaliwi na mwingine. Mama wa mwalimu alikuwa tayari amekikunjua, ameinua mikono anitandikie begani.

Bibi harusi aliacha mkono wa mumewe, akaja akasimama kati yetu.

"Mama mudogo," aliniambia, na hakupaza sauti, "ukifunga ile kikwembe, unamuzika mama yangu."

"Hakuna mwenye kumuzika," kaka alisema. "Ni desturi. Mutoto hawezi kuondoka hivi hivi, kama mwizi. Na tuseme kweli, toka ile simu, nani alimusikia?"

"Minye nilimusikia," nilimjibu. "Alisema muniwekee. Hakusema muvae."

Kaka aliniambia kwamba ulimi wangu hauna mfupa. Nikamwambia wake una mfupa mtupu, hauna nyama. Mchungaji alitazama viatu vyake. Mwalimu, yule mpole, alikuwa amesimama anatetemeka kidevu, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Watu hawakula. Binti alikuwa ananitazama mimi tu, nami nilitazama mlima wa ng'ambo, nikamwomba dada yangu, popote alipo, anipe neno. Hakunipa.

Aliyelitoa ni mama wa mwalimu. Alikuwa bado amesimama na mikono juu, kitambaa kinapigwa na upepo.

"Minye ni muzazi," alisema polepole. "Hii kikwembe nililetea mama yake. Sikuletea ndugu yake. Basi huyu aishike tu mu mikono. Siku mwenyewe atakuja, atafunga, na minye nitashuka tena kutoka Lemera kuona."

Kaka aliguna, akaketi. Nikanyoosha mikono, yule mama akakiweka kitambaa juu yake, nikakipakata kifuani. Nilisema yale maneno, kwamba mtoto ni wenu, lakini nilisema kwa niaba ya dada yangu na nilimtaja kwamba ni yeye anasema. Watu wakala.

Kabla ya kupanda gari, binti alinivuta pembeni, nyuma ya ukuta mmoja wa zile nyumba za majini.

"Uniapie," alisema. "Usiivae. Hata siku moja."

"Nitamuvalisha yeye na mikono yangu," nilimwambia. "Na kama siku moja utaniona nimeivaa minye, basi ujue."

Aliinamisha kichwa. Wakaondoka, na gari lao lilipopotea nililia kwa mara ya kwanza tangu risasi zilipoanza. Nililia nimekaa juu ya ndoo ya samaki ya dada yangu, na sikujali nani ananiona.

Kile kikwembe nilikiweka ndani ya valizi, sanduku langu la nguo, chini kabisa. Jua likiwaka nilikitoa nikakianika ndani ya ua kisije kikashika ukungu. Jirani mmoja aliniuliza kwa nini sikivai, kitambaa kizuri hivyo kinazeekea ndani. Nilimwambia akatazame vitambaa vyake. Simu kutoka Lemera zilikuja kila wiki, na binti aliuliza swali moja mwanzoni, kisha akaacha kuliuliza, akawa anauliza tu habari za ndagala na bei ya muhogo. Mimi nilijua anachouliza. Nilimjibu kwamba kikwembe kipo, kimekunjwa.

Mpaka ulipofunguliwa nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupita, nikaelekea kambi walikowekwa wakimbizi wa kwetu. Nilikibeba kile kikwembe kwenye mfuko pamoja na sabuni na mkate, kwa sababu nilikuwa na mpango. Nilitaka kumsimamisha dada yangu mbele ya hema lake, mbele ya majirani zake wote, nimtandikie begani kama mama mkwe, nimwambie, haya, funga, mimi nimechoka kukulindia nguo. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima. Nilijua pia atakavyonijibu.

Kambini niliuliza mwanamke wa Uvira anayetumia mkono wa kushoto. Sikuuliza kwa jina, maana majina yalikuwa mengi. Walinipeleka kwa mama mmoja wa uwandani, mzungumzaji wa Kirundi, aliyekuwa akitwanga mbele ya hema. Aliposikia "mkono wa kushoto" aliacha mchi ndani ya kinu, akafuta mikono, akanishika mikono yangu yote miwili. Nikajua. Mtu hakushiki mikono yote miwili kukuambia kwamba dada yako amekwenda kuteka maji.

Ilikuwa kikohozi na homa, alisema. Walilala hema moja. Alikufa kabla ya mvua kuanza.

Harusi yetu ilifanyika mvua zikiwa zimekolea. Siku ile tulipobishana pale mchangani, siku binti alipotaka mama yake amtazame, dada yangu alikuwa tayari chini ya udongo. Kaka yangu alikuwa na haki. Sijamwambia hilo mpaka leo, na naye hajaniuliza.

"Alikuwa anatuambiaka juu ya kitenge," yule mama aliniambia tukipanda kwenda makaburini. "Kila siku. Alisema itakuwa ya buluu. Sisi tulimucheka, tukamuuliza, unajuaje? Na mwisho ilikuwa rangi gani?"

Nilifungua mfuko nikamwonyesha. Alikigusa kwa vidole.

Kaburi lilikuwa kilima kidogo cha udongo mwekundu na kipande cha ubao, na tayari majani yalikuwa yameanza juu yake. Niliyang'oa. Nilimwambia dada yangu habari zote, mukeke, upepo na shela, kaka na maneno yake, mwalimu aliyetetemeka kidevu. Nilimwambia mama mkwe wa binti yake ni mtu hasa. Kisha nilikikunjua kikwembe, nikakitandaza juu ya udongo kwa muda, kimfikie. Nilipokiinua nilikikung'uta, nikakizungusha kiunoni mwangu, nikapiga fundo.

Mpakani, kijana wa ofisi aliyekagua karatasi zangu aliniangalia akatabasamu. "Mama, umependeza leo," alisema. Nilimshukuru. Angejuaje.

Sikupiga simu Lemera. Kuna maneno ambayo sitaki yapite hewani yakamkute mtu amesimama peke yake. Nililala Kimanga, asubuhi nikapanda gari la uwandani, kisha nikashika njia ya miguu, nikapumzika kila kona kwa sababu miguu yangu ni ya pwani ya ziwa na haipendi milima. Waliokuwa wakishuka na mizigo waliniamkia. Nilikuwa nimevaa kikwembe.

Shamba la mwalimu liko juu ya njia, na binti alikuwa pale akipalilia mihogo, tumbo lake limeanza kuonekana. Aliinua kichwa akaona mtu anapanda. Aliniona kwanza kichwa, akaanza kutabasamu, akainua mkono kunipungia. Njia ilipopinda akaniona mzima, na mkono ule ulibaki juu.

Mwenye macho haambiwi tazama. Aliweka jembe chini, akashuka kati ya mihogo taratibu, akaja mpaka aliposimama mbele yangu. Aliinama, akafungua fundo langu, akakivuta kitambaa, akakizungusha upya, akakifunga fundo upande wa kushoto.

"Mama alifungaka huku," alisema, na hapo ndipo aliponiangukia, nikamdaka, tukakaa chini sote wawili kwenye majani aliyokuwa ameyapalilia.