Nililiita Gari Moshi Kama Mtumbwi

Chekeni, lakini laana ni ya Komora na Buya, wenzangu wa kijiji cha Hewani. Tulikwenda Taita kutafuta kazi ya mkonge. Lori la Mzungu mwenye shamba likawa na nafasi mbili tu; wakapanda wao, wakaniacha kwenye stesheni ya porini. "Ngoja gari moshi," wakasema, wakijua sijaliona maishani.

Nikangoja hadi kiu ikanishika, gari halionekani. Kwetu kwenye mto Tana, mtumbwi ukiwa ng'ambo unaitwa, basi nikasimama nikaliita gari moshi: "Hooo! Leta huku!"

Akaja mama mmoja na kibuyu cha maji. Bila yeye ningekufa, Mungu ambariki. Nikanywa, nikamwomba tuite pamoja.

Akashika mbavu kwa kicheko. "Baba, reli waling'oa zamani. Hapo uliposimama ni zizi la mbuzi wangu!"