Makofi ya Posa Katika Darasa la Kiingereza

Nakumbuka, mwanangu, na sidhani nitasahau, mchana ule niliporudi nyumbani mtaani kwetu Buyenzi kutoka darasani mtaa wa Kamenge nikamwambia shangazi yangu Mwamini kwamba Kiingereza nimekiacha. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei. Chuo kimoja cha uuguzi huko Kampala kilikuwa tayari kunipokea, ila lazima wanisikie kwanza kwa simu, kwa Kiingereza, wiki ile ile. Na mimi uuguzi, wallahi, niliutaka kuliko kuolewa.

Kusoma nilisoma, kuandika niliandika. Kinywa ndicho kilichogoma! Sisi tulikuzwa na Kifaransa cha shule, ukikosea darasa zima linakucheka mpaka unatamani ardhi ikumeze. Woga ule ule tukauhamishia kwenye Kiingereza. Naye mwalimu wetu Fideli, maskini, alikuwa kijana ambaye hajawahi kukanyaga nchi inayosema lugha hiyo. Alijifunza kwa redio. Kila neno letu alilidaka na kulirekebisha kabla halijatoka lote. Baadaye aliniambia aliogopa tukizoea kuongea tutamuuliza asichokijua. Basi tukawa tunaogopana, mwalimu na wanafunzi.

Siku hiyo nilisimama kujieleza, nikakwama, wenzangu wakaangua kicheko. Nikabeba mkoba wangu nikatoka.

Shangazi alikuwa anachambua ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza huyo.

"We Zaina," akasema, "juzi kwenye posa ya binti ya jirani, muzee wetu alipokwama kusema, tulimucheka?"

"Apana, shangazi."

"Tulifanya nini?"

"Tulipiga makofi."

"Basi! Kamwambie mwalimu wako. Na ukome kunililia juu ya ndagala zangu."

Wewe umezaliwa hapa, unajua. Siku ya kuposa kila upande una msemaji wake, wanatupiana maneno mbele za watu. Msemaji akikwama, watu wake humpigia makofi apumue, alitafute neno lake. Hakuna anayemkatiza kumsahihisha, kwa sababu aibu yake ni aibu ya ukoo mzima.

Kesho yake nikarudi, uso nimeuinamisha, nikamweleza Fideli. Akanitazama, akacheka. "Tujaribu. Tutapoteza nini?" Akaligawa darasa, hawa wa bwana harusi, hawa wa bibi harusi, tukaposana kwa Kiingereza. Yaani, mwanangu! Fundi mmoja wa magari, aliyekuwa bubu tangu tuanze, alidai ng'ombe kwa Kiingereza kinachochechemea miguu yote, na tukacheka naye, hatukumcheka yeye. Fideli mwenyewe akakwama. Tukampigia makofi. Akafuta jasho, akasema, "Neno hilo silijui, tutalitafuta pamoja." Tangu hapo akawa anatusubiri tumalize ndipo arekebishe.

Siku ya simu ikafika. Nilipigiwa kwenye simu ya Fideli, pale pale darasani, sauti imefunguliwa wote wanasikia. Mama mmoja wa chuo akaniuliza kwa nini nataka kuuguza watu. Nikaanza vizuri, halafu, kimya. Neno limekimbia. Nikajua ndiyo imekwisha. Mara nyuma yangu wenzangu, kwa mazoea tu, pa! pa! pa! Fideli akashika kichwa.

"Nini hiyo?" mama akauliza.

Nikajikuta namweleza. Posa, wasemaji, ng'ombe, shangazi yangu na ukali wake, yote kwa Kiingereza, makosa tele, na hofu sina tena. Mama akacheka, akasema hata kwao wanaposa kwa wasemaji. "Sasa niambie habari za wagonjwa." Nikamwambia. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa Kampala, nalia kwa furaha kwenye kitanda cha bweni.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sawa, lakini wao hawakuwa wanajifunza Kiingereza! Lugha ya wageni haiingii bila ulimi kujikwaa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hao unaowasikia wakiteleza nayo walianza kwa kuanguka. Kwa hiyo huko ugenini unakokwenda kusoma, sema, mwanangu, hata kama ni vibaya. Mwenzako akikwama, mbebe, usimcheke, maana kesho ni zamu yako. Nawe ukija kuwa mwalimu, mwache mtoto wa watu amalize kwanza. Na usilolijua, sema hulijui. Kuuliza si ujinga, na heshima yako haitapungua.

Nenda. Mwenyezi Mungu akukunjulie kifua, alifungue fundo la ulimi wako, na kila nchi utakayofika akukutanishe na watu wenye subira ya kukusikiliza.