Maua Aliyoyapaka Mama

Matango yangu ya chotara hapa Bahati huzaa yenyewe, bila nyuki wala kuchavushwa. Nilimweleza mama, lakini hakuamini. Siku niliyoenda mjini kwa mahojiano ya kazi, alichuma maua ya matango yake ya kienyeji, akaingia kwenye grinhausi yangu ya plastiki na kuyapaka kwenye maua yangu, moja moja, kama alivyozoea kufanya kwa malenge. Matunda yakavimba ncha na kujaa mbegu. Mnunuzi, aliyetaka yasiyo na mbegu, akayakataa.

“Ulitumwa na nani, mathe?” nilimfokea.

“Niliona hayana wa kuyasaidia.”

Hakuingia tena humo, ingawa nilimwita mara mbili. Alifariki kabla ya msimu uliofuata. Bado najiuliza kama sauti yangu nilipomwita ilikuwa ya kuomba msamaha au ya kutafuta mtu wa kunifanyia kibarua.