Kitambaa cha Anyes

Boti la mbao limeshapakiwa vyungu thelathini, vimetandikiwa majani makavu ya migomba visigongane. Wanawake saba wamekaa. Wa nane, Anyes Andongwisye, bado amesimama ukingoni mwa Ziwa Nyasa, maji yakimfika vifundoni, na miguu imegoma.

"Tangulieni," anasema. "Mimi nitapita mlimani."

Ni asubuhi ya Jumamosi kijijini Ikombe, Wilaya ya Kyela, siku ya soko la Matema. Hapa hakuna barabara. Anayeogopa maji hupita njia ya mlimani, na kichwani habebi zaidi ya vyungu vinne. Anyes (41), mfinyanzi tangu utotoni, ameipita njia hiyo kwa miaka miwili.

Machi 1991 mumewe, Hezroni, alipeleka vyungu Matema peke yake, akauza vyote. Saa tisa alasiri, akiwa njiani kurudi, upepo ukaamka. Mtumbwi uliokotwa siku ile ile. Yeye alipatikana siku ya tatu.

Msibani, kwa desturi ya huku, wanawake wa familia ya marehemu hufungwa kitambaa tumboni, maana hofu hukaa tumboni na tumbo hutetemeka. Matanga yakiisha, kitambaa hufunguliwa. Anayeendelea kukivaa husemwa kuwa anaita kifo kingine.

Anyes hakuweza kukiacha. "Nilikifungua, tumbo likacheza mpaka nikashindwa kusimama," anasema. "Nikakifunga tena, chini ya blauzi. Sikumwambia mtu."

Mwaka jana, Ikupa, mfinyanzi mwenzake anayeongoza kundi la ngoma ya kioda, alimfuata nyumbani. "Alinikuta sijawasha moto siku ya pili. Hakunipa pole. Akasema, mstari umepungukiwa na mtu, twende."

Kioda ni ngoma ya wanawake. Hujipanga mstari, khanga kiunoni, macho kwa kiongozi, na hakuna anayejua hatua itakayofuata mpaka filimbi ilie. "Pale huwezi kuwaza ziwa," anasema Anyes. "Ukiwaza, unamkanyaga mwenzio."

Lakini khanga alijifunga mwenyewe, amegeukia migomba, asije mtu akagusa kile kilicho chini.

Leo hana ujanja. Tangu biashara huria ianze, ndoo za plastiki na sufuria zimejaa sokoni, na chungu kilichokuwa Sh200 sasa kinauzwa Sh120. Vyungu vinne havilishi watoto watatu. Kundi limekubaliana kucheza sokoni ili wateja wasogee.

Ikupa anashuka, anamshika mkono. Anyes anainua mguu, boti linayumba, anapiga ukelele. Blauzi inapanda. Kitambaa cheusi kinaonekana.

 Anyes anajishika tumbo kwa mikono miwili. Alikuwa akiogopa ziwa. Sasa anaogopa na watu.

Ikupa anafunua pindo la blauzi yake. Naye amefunga kitambaa.

"Cha mwanangu," anasema. "Mwaka wa nne huu."

"Nami nilidhani niko peke yangu!" anamaka Beatrice, mwenzao aliyekaa nyuma, akifunua chake. Anafuata mwingine, na mwingine. Mwandishi wa makala haya anageuza uso kwa heshima, baada ya kuhesabu vitano.

Anyes anapanda. Filimbi inalia, makafi yanazama majini kwa pamoja. Safari nzima anatetemeka, lakini hafumbi macho: anautazama mgongo wa Ikupa kama anavyofanya ngomani.

Matema wanacheza hadi vumbi linawafika magotini. Saa saba vyungu ishirini na sita vimeshapata wenyewe.

"Ndaga fijo," Anyes anamshukuru mteja wa mwisho, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Saa tisa, mawimbi yanaanza kuwa meupe. Kicheko kinakoma. Anaulizwa ana matumaini gani.

"Natamani siku moja nivuke bila kitambaa. Nikifungue Matema, nikirudishe mkononi."

Leo je?

"Leo bado." Anamgeukia Ikupa. "Dada, nikazie."

Ikupa anakaza fundo. Anyes naye anamkazia la kwake. Kisha wote wanane wanakaa mchangani, wakilitazama ziwa. Filimbi iko kifuani mwa Ikupa, haijalia.

"Tunangoja upepo ulale," anasema Anyes. "Hezroni hakuwa na wa kumwambia angoje."