Usumba wa Ngao ya Polisi

Watu wa Likoni wa rika langu wakiikumbuka ngao ile ya magurudumu hucheka kwanza. Ilikuwa kama kabati lisilo na milango. Mbele bamba la chuma refu kuliko mtu, nyuma yake sanduku la mbao za mvule, chini magurudumu mawili ya mkokoteni, na juu kidogo tundu la kuchungulia lisilozidi kiganja. Askari wanne walijibanza nyuma yake wakaisukuma kuelekea alipo mwenye bunduki. Ilitengenezwa mwaka wa mwisho wa vita, baada ya mwanajeshi mmoja mlevi kumpiga risasi askari wa kituo chetu karibu na kivuko. Basi wacheke. Mimi sicheki, kwa sababu ndani ya ngao ile mlikuwa na kazi ya mikono yangu, na nyuma yake alisimama mdogo wangu, mtoto wa kiume wa pekee wa mama yetu.

Kazi yangu ilikuwa makumbi. Tulichimba mashimo kwenye tope la ufuoni, tukafukia makumbi ya nazi, tukayagandamiza kwa mawe, bahari ikawa inajaa na kupwa juu yake miezi sita na zaidi. Yakishaoza tuliyafukua, tukayapiga kwa gongo mpaka yakatoa nyuzi, nazo ndizo usumba. Harufu yake haitoki mwilini. Mume niliyeachana naye alisema nanuka kama jahazi bovu, nami nikamwambia jahazi hilo bovu ndilo linalokulisha.

Usumba una sheria moja, na mama alinifundisha kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe. Wa kamba huachwa na chumvi yake, maana kamba inarudi baharini. Wa godoro huoshwa kwa maji matamu ya kisimani, mara tatu, ukaanikwa ukaoshwa tena, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewa na mwenye kulilalia godoro huamka na baridi ya mifupa. Kamba na godoro. Hakuna aliyewahi kutufundisha habari ya kitu cha tatu.

Mdogo wangu ndiye aliyeniletea kazi ile. Alikuwa askari wa kituo, mfupi, mwenye maneno mengi, na sare yake ilimpwaya mpaka wasichana wa Bofu wakimuuliza kama ameiazima kwa babake. Alikuja na fundi seremala aliyepewa kazi ya ngao, mtu mzima, mpole, anayepima kitu mara mbili kisha akasoma bismillahi ndipo akate. Fundi akanieleza kwamba kati ya bamba na mbao panatakiwa kitu cha kushindilia, ili kishindo cha risasi kisiwavunje mikono wanaosukuma. Akanionyesha bolti ndefu ambazo zingepita katikati ya kile kitu na kulishika bamba kwenye mbao. Nilizitazama bolti zile kwa macho yangu, nikazishika mkononi. Akauliza kama nina usumba. Nikamwambia ninao.

Nilikuwa nao wa kamba, umekwisha pigwa, umefungwa matita. Wa godoro haukuwepo. Ilikuwa kaskazi, kisima cha karibu kilikuwa kimegeuka chumvi, na cha maji matamu kiko juu kule, mwendo wa kutwa kwenda na kurudi ukiwa na ndoo kichwani. Fundi alisema atangoja hata juma zima. Kwa hiyo wale wapendao kusema haraka haraka haina baraka wasije kwangu na methali yao, haraka haikuwepo. Ulikuwa ni uvivu. Nilijiambia ngao si godoro, nani atalala juu yake? Nikampelekea matita vile vile yalivyo, nikamsaidia kushindilia kwa mchi, na mdogo wangu akasimamishwa ili fundi apate kipimo cha tundu. Lilitobolewa kwa kimo chake yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hapo. Askari warefu walilalamika baadaye kwamba wanavunjika migongo kuchungulia, naye akawaambia Mungu huwainua wafupi.

Inspekta aliijaribu mbele ya watu wote. Akaipiga risasi tatu, bamba likabonyea tu. Tulipiga vigelegele. Mama alimshika fundi mkono akamwombea dua, na mimi nikasimama kando nikijiona mtu.

Ikaegeshwa kwenye banda la kituo, banda la makuti linalovuja pembeni, ikakaa huko mwaka, ukaja wa pili. Masika yakapita juu yake mara mbili. Kila mara waliipaka rangi ya kijani ikang'aa. Mdogo wangu alikuwa akiifuta kila Ijumaa na kunisalimia kwa niaba yake, ati, "Dada, mwanao hajambo." Ndani ya sanduku lile usumba wangu ulikuwa ukivuta maji ya hewa na kuyanywesha bolti, siku baada ya siku, nami nikila na kulala.

Vita vilikuwa vimekwisha siku nyingi. Mtu mmoja aliyerudi kutoka huko, ambaye kichwa chake hakikurudi, alijifungia katika ghala la mbata akiwa na bunduki, asubuhi, saa nne hivi. Alikuwa amekwisha mjeruhi bawabu. Tulikusanyika mbali, nyuma ya ukuta wa mawe, tukaiona ngao ikitolewa. Hapo watu walicheka, kwa kuwa magurudumu yalilia. Askari wanne nyuma yake, na mwenye kushika pahali pa tundu alikuwa mdogo wangu, maana hakuna mwingine aliyeweza kulichungulia bila kuinama.

Risasi ya kwanza ililia juu ya chuma, watu wakashangilia. Ya pili ikalia vile vile. Kisha bamba lote likateleza, taratibu, bila kishindo, likaanguka chini kifudifudi. Mbao zikapasuka kati, usumba ukamwagika. Mdogo wangu alibaki amesimama amekishika kipini kwa mikono miwili, anatazama mbele kupitia mahali palipokuwa na tundu. Sijui kwa nini hakulala chini. Wale watatu walilala. Ya tatu ilimpata yeye.

Mwenye bunduki alitoka mwenyewe kabla ya adhuhuri, mikono juu, akiomba maji ya kunywa.

Walipokwisha mbeba maiti nilikwenda pale. Usumba ulikuwa umetapakaa, mwekundu wa kutu, na bolti zimo ndani yake zimekatika, zimebaki nyembamba kama njiti za fagio. Nikachukua nyuzi kidogo nikazitia kinywani. Chumvi. Nilizitema, nikachukua tena, nikazitia tena, kana kwamba safari hii zingekuwa na ladha nyingine.

Siku ya tatu, baada ya hitima, fundi alikuja. Alikuwa amezeeka ndani ya siku tatu zile. Alinikuta uani nachochea moto wa kahawa, akanisalimia, nikamwamkia. Kisha akasema ameziangalia bolti, naye haelewi. Alizinunua mpya, alizichagua moja moja.

"Nakuuliza kwa Mola wako," akasema. "Usumba ule uliuosha?"

Ningesema hapana. Ni neno dogo, hata mtoto yuaweza kulitamka. Nilikuwa na moto mbele yangu na mama yangu ndani, na nikaona uso wa mama ukigeuka kunitazama maisha yake yote yaliyobaki.

"Niliuosha," nikamwambia. "Mara tatu."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Aliniamini, kwa kuwa alimjua mama na alijua nilivyofundishwa. Akainuka akavua viatu akaingia ndani, nami nikamfuata na birika, kwa kuwa ndiyo kazi iliyoniweka uani. Alipiga magoti mbele ya mama, yeye mtu mwenye mvi, akainamisha uso.

"Mama, mwanao nimemuua mimi. Bolti zilikuwa mbovu nami sikuzitambua. Naomba radhi."

Mama aliuweka mkono wake juu ya kofia ya fundi.

"Nimekusamehe, mwanangu, duniani na akhera," akasema. Kisha akaniambia nimpe mgeni kahawa. Nilimimina kikombe chake, nikamimina na cha mama, wala sikumwaga hata tone.